Msaragambo wa Marumaru

Mtu wa mjini akitamka tena neno msaragambo mbele yangu, nitamtemea mate. Nasema hivyo nikijua kwamba nimefika umri wa kuitwa bibi, na kwamba kanisani nakaa benchi la tatu kutoka mbele. Kwetu Meru neno hilo halina utani. Mbiu ikipigwa, unatoka na jembe lako, au sururu yako, au debe lako, unakwenda kuchimba mfereji au kuziba makorongo ya barabara, na asiyetokea anafuatwa nyumbani kwake aeleze sababu. Hutumi mtu wala hutumi salamu. Unakwenda wewe mwenyewe, unatoka jasho, mnakula loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa ya mgando, pamoja, mnarudi nyumbani mmechoka.

Sisi wahitimu wa shule moja ya sekondari kule juu ya Usa River tumetapakaa Arusha nzima. Wengine wako Njiro, wengine Elerai, mimi niko Sombetini nilikojenga na nilikofungua duka langu la kushona. Tuna kundi letu la wasapu, na kazi yake kubwa ni kutumiana rambirambi na aya za Biblia. Mwaka jana mwenyekiti wetu, mstaafu mwenye nyumba ya wageni barabara ya Moshi, alitoa hoja kwamba tujitolee kulikarabati jumba la maigizo la shule. Akaliita zoezi hilo msaragambo wa wahitimu. Tulimpigia makofi, yale makofi ya njano ya kwenye simu. Mimi nilimpigia matatu.

Lile jumba si la shule peke yake. Lilijengwa na wazazi, Wameru wa hapo mlimani, Wachaga waliohamia kutafuta ardhi na biashara, na Waarusha wachache waliokuja kutoka upande wa magharibi kwa sababu watoto wao walikuwa wanasoma hapo. Mama yangu alibeba mawe kutoka mtoni akiwa na mimba yangu, na aliniambia habari hiyo kila nilipokataa kutumwa. Kwa hiyo jumba na mimi ni rika. Tangu hapo, kila mwezi wa kumi na mbili, watu wa mjini wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, unachezwa mchezo mmoja mkubwa, na wachezaji ni wanafunzi na wanakijiji wote kwa pamoja. Nimeuona mchezo wa mwaka ambao kahawa ilikataa na mchezo wa mwaka ambao hapakuwa na sukari madukani. Sijawahi kusikia kwamba umeahirishwa.

Jukwaa lilikuwa la mbao za mringaringa. Wazazi waliangusha miti yao wenyewe kutoka vihambani, kwenye mashamba yao ya kahawa na migomba, wakaipasua kwa msumeno wa watu wawili, wakazipanga mbao juu ya magogo na kuacha uwazi chini yake. Ukitembea pale juu, hata ukiwa mtoto mwembamba kama nilivyokuwa, nyayo zako zinasikika hadi mlangoni. Mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba pale hakuna anayeweza kuingia kwa siri, na kweli tulijifunza kuingia kwa nia.

Darasani kwetu alikuwepo kijana aliyepofuka kwa surua akiwa mdogo. Siku hizi ni mzee mwenzangu, amefiwa na mkewe, na nitamwita mwenzangu kwa sababu ndivyo alivyo. Alipotaka kuigiza, baadhi ya walimu walicheka. Mwalimu wa maigizo hakucheka, ila siku ya kwanza ya mazoezi mwenzangu alipiga hatua moja zaidi ya jukwaa, akaanguka chini, akapasuka kidevu. Tulidhani habari imeishia hapo. Kesho yake alifika mzazi mmoja seremala, hakuitwa na mtu, amebeba fito za mbao begani. Akapigilia fito moja kwa urefu wote wa jukwaa, hatua moja kabla ya ukingo, unene wake kama kidole gumba. Akamwita mwenzangu, akamshika mguu kwa mkono wake, akaupitisha juu ya ile fito.

"Ukiigusa hii, simama," alimwambia. "Nyuma yake mbao zote ni zako."

Hakuhutubia. Alikusanya misumari iliyobaki akaenda zake.

Basi mwenzangu alilisoma jukwaa lile kwa nyayo mpaka akalimaliza. Alicheza peku kila mara. Alijua ubao upi una fundo, upi umebonyea, upi unatoa sauti nzito kwa sababu gogo liko chini yake. Ubao mmoja wa katikati ulikuwa unalia ukiukanyaga kwa kisigino, na huo aliufanya kuwa nyumba yake, anaanzia hapo na kurudi hapo. Nimemwona akicheza mfalme, akicheza mlevi, akicheza baba wa bibi harusi anayemkimbiza mshenga kuzunguka jukwaa zima bila kugusa kiti hata kimoja. Wageni waliotoka mbali walikuwa wakibishana nje kwamba mtu yule anaona, na sisi tunaomjua tulikuwa tunawaacha wabishane, tunanunua mahindi ya kuchoma.

Maisha yake ya ajira aliyamalizia mjini, akipokea simu katika ofisi moja, mpaka ile mitambo ya kupokelea simu ilipoondolewa na yeye akaondolewa nayo. Alirudi kwenye kihamba cha baba yake, chini kidogo ya jumba. Tangu wakati huo mchezo wa Desemba ni wake. Anautunga kichwani, anawafundisha watu kwa mdomo, anacheza nafasi kubwa. Mwaka huu alikuwa na mchezo mpya, wa mzee anayekataa kaburi la mama yake lihamishwe ili barabara ipite. Aliniambia kwa simu kwamba huenda ndio wa mwisho kwake kucheza, magoti yanagoma, kwa hiyo anataka uwe mzuri kuliko yote. Naomba msomaji alishike hilo. Hakuomba kitu kingine chochote, wala hakutuomba ukarabati.

Sasa nieleze tulivyofanya.

Kamati iliamua kwamba jukwaa liwekwe marumaru. Jukwaa la maigizo, marumaru! Ila nikiwa mkweli, nakubali kwamba hakuna aliyeshangaa, maana kwetu marumaru ndiyo maendeleo yenyewe. Mtu akijenga anatetwa na majirani mpaka siku atakapoweka marumaru sebuleni, hapo wanaanza kumsalimia. Hata mimi ninazo sebuleni kwangu Sombetini, na mgeni akija namwachia mlango wazi azione. Mwenyekiti alieleza kwenye kundi kwamba mbao ni za kizamani na zinatutia aibu, na kwamba mgeni rasmi ni mama wa heshima, atakuja na viatu vya kisigino kirefu, kisigino kikizama kati ya mbao mbili tutaficha wapi nyuso zetu. Wakaandika watu arobaini na kitu, mmoja baada ya mwingine: Naunga mkono. Naunga mkono. Mimi nilikuwa nakata nguo ya mteja. Nikaangalia juu juu, nikaandika naunga mkono, nikarudi kwenye mkasi.

Kulikuwa na hoja nyingine, na hii ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu ilitoka kwenye mapenzi. Mtu mmoja alikumbusha kwamba mwenzetu anayeishi pale chini ndiye roho ya jumba lile, tumheshimu. Wote tukasema kweli kabisa. Basi kamati ikaamua tumfanyie sapraizi. Asiambiwe kinachotengenezwa. Azuiwe kufika jumbani mpaka siku ya ufunguzi, aambiwe vumbi la saruji litamuumiza kifua, halafu siku hiyo apandishwe mbele ya watu wote aone mambo mapya. Ndivyo ilivyoandikwa, aone. Watu wazima, wengine wana shahada mbili, tulikaa tukapanga kumshtukiza kipofu kwa sakafu inayong'aa.

Siku ya msaragambo wenyewe sikwenda. Nilikuwa nimepewa kazi ya kushona pazia, mahameli ya rangi ya damu ya mzee, zito, lenye vitambaa vya ndani, na nilijiambia kwamba kazi yangu ni hiyo. Nilitumiwa picha. Fulana za kijani zilikuwa zimepigwa chapa kifuani, majembe yalikuwa mapya, bado yana karatasi za dukani, na mwenyekiti alikuwa anasukuma toroli lenye tofali moja. Moja! Nilihesabu. Walipiga picha, wakanywa soda, wakarudi mjini kabla ya saa saba, na kazi wakaachiwa mafundi wa kukodi kutoka mbali, vijana wasiojua fito ile ni ya nini. Ningewalaumu vipi? Hakuwepo hata mmoja wetu wa kuwaambia. Ingekuwa msaragambo wa kweli, pangekuwepo watu ishirini wenye sururu mikononi, na angalau mmoja angeinama kwenye ule ukingo akasema, ngojeni, hii tusiiguse.

Nami ningeweza kuwa huyo mmoja. Pazia linahitaji vipimo, na fundi yeyote anajua kwamba vipimo hupimwa na anayeshona. Badala ya kwenda, nilimpigia simu msimamizi wa mafundi, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipimie mdomo wa jukwaa, upana na kimo, unitumie na picha."

Akanitumia. Katika picha kijana mmoja ameshika mwanzo wa futi, mwingine amevuta hadi mwisho, na chini ya miguu yao ni marumaru nyeupe tupu, safi, toka ukuta hadi ukuta. Nisiseme uongo, niliziona. Niliona pia kwamba ukingoni hakuna fito. Macho yaliona, akili ikaenda kwenye mita za mahameli. Nikamjibu: Kazi nzuri, hongereni sana. Ujumbe ule bado ninao kwenye simu.

Siku ya ufunguzi nilifika mapema na pazia langu likatundikwa, likasifiwa, nikasifika. Nje kulikuwa na mahema, viti vimevalishwa vitambaa, na harufu ya pilau tangu lango la shule. Mwenzangu aliketi mstari wa mbele amevaa suti yake ya ofisini ya zamani, nywele zimenyolewa, uso umejaa furaha. Nilimsalimia akanijua kwa sauti.

"Fundi, nasikia umeshona pazia. Ni zito? Linasikika likifunguliwa?"

"Linasikika."

"Vizuri. Leo nitawaonjesha kipande cha mzee wa kaburi. Nimekaa miezi miwili bila kupanda pale, miguu inawasha."

Nilikaa karibu naye, nikamnyooshea kola. Sapraizi ni sapraizi.

Mgeni rasmi alichelewa, wakaamua chakula kitangulie. Pilau ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Alipofika zilianza hotuba. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuizingatia upya, jina kwa jina, cheo kwa cheo. Mwenyekiti alizungumza muda mrefu kuhusu kurudisha fadhila. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, lakini sisi hatukwenda zetu, tulikaa pale na fulana zetu tukingoja tushukuriwe, na tulishukuriwa sana. Ilipofika saa kumi, mshereheshaji alitangaza kwamba sasa tupate burudani fupi ya dakika tano. Nyumba imejengwa kwa ajili ya mchezo, na mchezo ndani yake umekuwa burudani ya dakika tano, katikati ya hotuba na utoaji wa vyeti. Akasema tumkaribishe kwa makofi msanii wetu mlemavu.

Mwenzangu alikataa kushikwa mkono. Alikwenda na fimbo yake hadi kwenye ngazi za pembeni, ambazo hazikuguswa, akavua viatu na soksi, akavipanga ukutani, akaiegemeza fimbo juu yake. Alipanda ngazi nne bila wasiwasi. Kisha akaweka mguu juu ya jukwaa.

Nilimwona akisita. Akauweka mguu wa pili. Akapiga kisigino taratibu, akasikiliza, hakukuwa na sauti. Akasogea hatua tatu, nne, akapiga tena. Alikuwa anautafuta ule ubao unaolia. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, na nilipoona anageuka mara ya tatu nilijua kwamba hajui tena ukuta uko wapi na watu wako wapi. Akanyoosha mikono mbele, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya jukwaani.

"Niko wapi?" aliuliza.

Ukumbi mzima ulicheka. Walidhani ndivyo mchezo unavyoanza. Mgeni rasmi alicheka pia, akamgeukia mwenyekiti kumwambia kitu, na mwenyekiti akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeutunga.

"Jamani, nauliza. Niko wapi?"

Wakacheka zaidi, wengine wakainua simu. Basi mwenzangu akapiga magoti, yale magoti yanayogoma, akainama, akaanza kutambaa huku mkono mmoja unapapasa sakafu mbele yake. Alikuwa anaitafuta fito. Alikwenda akipapasa, kwa suti yake, na watu wakampigia makofi kwa kila hatua, na mkono wake ukafika kwenye ukingo wenyewe, ukaning'inia hewani.

Nilipiga kelele. Nilimwita kwa jina na kumwambia asimame hapo hapo, nikakimbia nikapanda, nikateleza kwenye marumaru, kidogo nianguke mimi. Nilimshika mabega. Alikuwa ametoa jasho shingoni.

"Fundi," aliniuliza kwa sauti ya chini. "Fito iko wapi?"

Mshereheshaji akasema makofi kwa wasanii wetu wawili.

Nilimshusha, nikamvalisha viatu, nikampa mtu wa kwao amsindikize. Kisha nikamfuata mwenyekiti kwenye hema la wakubwa, na sikungoja itifaki.

"Mbao ziko wapi?"

"Dada yangu, tulia, kuna wageni."

"Nimekuuliza mbao ziko wapi. Nazitaka zote, na ile fito, na zirudishwe kabla ya Desemba."

"Zile zilikuwa zimechakaa. Na hata zikirudi huwezi, chini palikuwa na uwazi, mafundi wamejaza kifusi na kumwaga zege. Ni kazi imara ile." Akaniwekea mkono begani. "Mimi pia nimeguswa. Nimeshafikiria. Desemba tutamwekea kiti kizuri pale katikati, aigize akiwa ameketi. Mtu wa umri wake, kwani lazima atembee?"

Niliutoa mkono wake begani kwangu. Yaliyotoka kinywani mwangu baada ya hapo nimeyatubu kwa mchungaji, si kwa mwenyekiti.

Nilizunguka nyuma ya jumba kuzitafuta mwenyewe. Nilidhani zimerundikwa mahali, kwa kuwa mbao kama zile mtu hatupi. Huko nyuma wapishi walikuwa wanasugua masufuria. Nilimuuliza mkubwa wao, mama mmoja mnene mwenye uso wa huruma, kama ameona mbao za zamani zilizotolewa jukwaani.

"Tulipewa kuni," alisema. "Mwenyekiti alituambia tusije na kuni, zipo hapa hapa. Zilikuwa kavu hizo, mama! Zimewaka vizuri, hata moshi haukuwepo. Wali wote ule tumeuivisha bila kuongeza kuni ya nje."

Alinionyesha mafiga. Kulikuwa na majivu mengi na kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja kizima, upande mmoja mkaa, upande mwingine bado unang'aa kwa nyayo za miaka yote ile. Alidhani nakitaka kwa ajili ya jiko la nyumbani, akanihurumia akasema nichukue tu.

Kesho yake niliandika kwenye kundi. Niliandika kila kitu, fito, ubao, kifusi, kuni, na kwamba nami nilikubali na nikapongeza, kwa hiyo sijitoi. Nikasema tuvunje zile marumaru kwa mikono yetu, tutoe kifusi, tutafute mringaringa, tujenge upya kabla ya Desemba, na asiyekuja afuatwe nyumbani kwake. Kisha mwenyekiti akaandika: Tumelipokea, tutalifanyia kazi. Mwingine akaandika: Dada yetu ana hasira, tumwombee. Wakaweka mikono ya maombi, mingi, mstari mzima. Baada ya hapo mtu akatuma video ya mwenzangu akitambaa, na mioyo mitatu, akaandika kipaji hakizeeki. Nikajitoa kwenye kundi. Jioni ile nilikata vitambaa vya wateja wawili vibaya.

Wiki moja nilikwepa kwenda kwake. Nilijua atauliza. Jumapili baada ya ibada nilipanda gari hadi Usa River, nikakwea mlima kwa miguu, nikamkuta ameketi kibarazani, anachambua maharage kwa vidole. Hakuacha kuchambua. Nilimwambia nimekuja kumweleza ukweli wote, na nikaanza na wangu, vipimo vya simu na ile picha. Nilimweleza kuhusu kifusi na zege. Nilimweleza kuhusu kiti, na hapo aliguna.

"Kwa hiyo Desemba mimi ni mzee wa kwenye kiti," alisema.

"Wanasema hivyo. Mimi nasema tubomoe."

"Na nani?"

Alipeta maharage kwenye ungo, akapuliza maganda.

"Mbao zenyewe zimekwenda wapi? Kama zipo, hata nne tu, nitaziweka hapa uani. Nitawafundishia watoto hapa."

"Hazipo. Zimeungua."

"Zimeunguaje?"

"Walipewa wapishi ziwe kuni."

Akaacha kuchambua. "Zote?"

"Zote."

"Ile inayolia?"

"Nayo."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya migomba. Nilitamani atukane. Ningemsaidia kutukana, nilikuwa na matusi ya kutosha watu wawili.

"Kuni za pilau," alisema mwishowe.

"Za pilau."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Mimi niliongeza," alisema. "Sahani mbili, za kujaa. Halafu nikaagiza niitiwe mpishi, nikamwambia ana mkono mzuri."

Aliuweka ungo chini, akajifuta viganja kwenye suruali, akaingia ndani bila fimbo, akafunga mlango.